Alif, Lam, Mim, kisha Swad: kisa cha memori kadi na sura mbili zilizobadilishana viti

Bibi wa kisa hiki ni jirani wa kibanda changu cha kuingizia nyimbo kwenye kadi, hapa Ngamiani, Tanga. Macho yalimwacha miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo redio ndogo ya memori kadi ndiyo msahafu wake. Ndani ya kadi mna kisomo kamili cha Qur'ani, sura 114, kila sura na faili lake. Redio haioni, lakini anaijua kwa vidole: kitufe cha kati cha kusimamisha, cha kulia cha kwenda mbele, cha kushoto cha kurudi. Kila Ijumaa huanzia Alhamdu, yaani Al-Fatiha, sura ya kwanza, akabonyeza cha kulia mara 17, akafika Al-Kahf ambayo ni sura ya 18. Hesabu hiyo haimpotei, maana 17 ndiyo idadi ya rakaa za faradhi za kutwa.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban alipokuja kibandani, mjukuu wake amemshika mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Njoo unitazamie hii redio, inanichanganyia maneno ya Mungu."

Akaeleza taratibu. Alitaka kuanza mapema ili hadi Ramadhani iishe awe amehitimisha Qur'ani mara mbili. Baada ya sala ya alfajiri akaiwasha kutoka mwanzo kabisa. Alhamdu ikaisha. Msomaji akaanza Alif, Lam, Mim, bibi akajiweka sawa kuisikiliza Baqara. "Kisha akatia Swad."

Kwa asiyejua: Suratul Baqara inaanza kwa herufi hizo tatu. Al-Aaraf, sura ya 7, inaanza kwa hizohizo tatu ikaongeza ya nne, Swad. Bibi aliitambua hitilafu kwa herufi moja. Mjukuu, kijana wa sekondari, hakuelewa bibi analalamika nini, kwa sababu alikuwa amekwisha kuichomeka kadi kwenye simu yake akaona sura zimepangika vizuri. Alinionyesha pale pale: 001 Al-Fatiha, 002 Al-Baqara, 003 Aali-Imran, kushuka hadi 114. "Fundi, tazama mwenyewe. Zimekaa sawa."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo kisa kilipo. Sisi tunaoingiza nyimbo, kaswida na mawaidha kwenye kadi na flashi za watu tunaletewa malalamiko ya namna hii karibu kila wiki, na jibu letu la haraka ni kwamba redio ni mbovu, nunua nyingine. Mimi mwenyewe nimewahi kulitoa jibu hilo. Redio ya bibi haikuwa mbovu.

Kosa langu la kwanza

Nilianza na tagi. Faili la MP3 hubeba ndani yake maelezo yaliyo mbali na jina la nje: jina la wimbo, mwimbaji, albamu, namba ya wimbo. Utaratibu wa mwanzo wa tagi hizi, ID3, ulitoka mwaka 1996 nao ulikuwa mdogo sana: baiti 128 zilizobandikwa mwishoni kabisa mwa faili, zikianza na herufi TAG. Jina la wimbo lilipewa herufi 30 tu. Namba ya wimbo haikuwamo. Mwaka uliofuata ilichongewa nafasi kwa kulipunguzia eneo la maoni baiti 2. Toleo la pili likahamia mwanzoni mwa faili likawa pana, na ndilo simu zinalolisoma leo.

Nikaipa Baqara namba 2 ndani ya tagi, Al-Aaraf namba 7, nikairudisha kadi redioni. Alhamdu, kisha Alif, Lam, Mim, Swad. Hakuna kilichobadilika.

Nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kuanza nalo. Nikachukua kadi nyingine tupu, nikatia mafaili matatu yenye majina A, B na C, lakini nikayaingiza moja moja nikianza na C, halafu A, mwisho B. Laptopu ikanionyesha A, B, C. Redio ikapiga C, A, B. Basi redio hii haitazami majina wala tagi. Inafuata zamu ya kuingia.

Hata hivyo jibu hilo halikutosha. Kama ni zamu ya kuingia, kijana angeongeza faili lingekwenda mwisho, baada ya An-Nas. Sura ya 7 imepandaje hadi nafasi ya 2?

Dalili iliyotoka kwa bibi

Nilimuuliza bibi kama Ijumaa iliyopita alisikiliza Al-Kahf. Alisikiliza. Kwa hesabu ileile? "Kumi na saba, kama siku zote." Na Al-Kahf ilikuja? Ilikuja.

Jibu hilo liliniokolea saa nzima. Kama orodha ingevurugika yote, au kama sura moja ya kabla yake ingehamia mwisho na nyingine zikapanda, Al-Kahf isingebaki ya 18. Kwa hiyo hesabu ya jumla ilikuwa salama, na sura zilizohama zilikuwa zimebadilishana viti zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana pia bibi hakugundua mapema. Wiki nzima alipita juu ya kosa bila kuligusa, kwani kubonyeza mara 17 hakumpi nafasi ya kusikia sura za katikati.

Nikachomeka kadi kwenye laptopu, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika dir bila kuiambia ipange chochote. Kwenye kadi za namna hii amri hiyo hutaja mafaili kama yalivyoandikwa kadini, tofauti na dirisha la kawaida la mafaili ambalo hupanga kwanza ndipo likuonyeshe. Orodha ilikuja hivi: 001, 007, 003, 004, 005, 006, 002, 008. Kuanzia hapo sawa mpaka 114. Sura mbili tu, ya 2 na ya 7, zilikuwa zimekaa kila moja kwenye kiti cha mwenzake.

Nikamgeukia kijana, kwa upole, maana alikwisha kuanza kuogopa. Je, kuna wakati alizitoa sura kadini? Akakiri. Kulikuwa na harusi ya shangazi yake. Kadi ya bibi ni ya gigabaiti 2, na kisomo hiki cha karibu saa 30, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kinakula takriban gigabaiti 1.7. Alitaka pa kuweka kaswida za harusi, hivyo akazipanga sura kwa ukubwa, akahamishia simuni zile nne ndefu kuliko zote: Al-Baqara, An-Nisaa, Aali-Imran na Al-Aaraf. Harusi ilipopita akafuta kaswida na kuzirudisha sura nne. Hakupoteza hata moja. Kwenye simu yake zilikuwa zimepangwa kutoka iliyo ndogo kwenda kubwa, basi zikarudi kwa zamu hiyo: Al-Aaraf, Aali-Imran, An-Nisaa, mwisho Al-Baqara.

Hapo kila kitu kilinyooka, ila ni lazima nieleze kadi yenyewe inavyoandika.

Daftari la mistari ya baiti 32

Memori kadi za ukubwa huu hutumia mfumo wa FAT, ambao asili yake ni miaka ya 1970, zama za disketi. Kila folda ndani ya FAT ni daftari la mistari yenye upana mmoja, baiti 32 kila mstari. Kila faili lina mstari wake unaosema: jina langu hili, ukubwa wangu huu, na data yangu inaanzia pale. Sauti yenyewe iko kwingine kabisa kadini. Daftari linaelekeza tu.

Mstari wa zamani una nafasi ya herufi 8 za jina na 3 za aina ya faili, basi. Windows 95 ilipoleta majina marefu, haikulitupa daftari hilo. Iliongeza mistari ya ziada juu ya ule wa zamani, kila mmoja ukibeba herufi 13 za jina refu, na vipande huandikwa kinyumenyume, cha mwisho kikitangulia. Nilifungua kadi ya bibi kwa programu inayoonyesha baiti zenyewe ili nimwonyeshe kijana. Jina "002 Al-Baqara.mp3" lina herufi 17 ukihesabu nafasi na nukta. Juu kukawa na mstari wenye ".mp3" peke yake. Chini yake mstari wenye "002 Al-Baqara", herufi 13 kamili, umejaa pomoni. Chini ya huo, mstari wa zamani wenye jina fupi ambalo mfumo hujitungia: 002AL-~1. Mistari mitatu, baiti 96, kwa ajili ya sura moja. Sura zote nne za kijana zina majina yanayohitaji mistari mitatu mitatu.

Sasa kufuta. Ukifuta faili, daftari halifungi pengo. Mistari iliyo chini haipandi juu. Kinachofanyika ni baiti ya kwanza ya kila mstari wa faili hilo kubadilishwa kuwa alama moja maalumu, E5 kwa hesabu ya kompyuta, yenye maana kwamba hapa pako wazi. Likija faili jipya, simu hulipitia daftari kutoka juu na kutafuta pengo la kwanza linalotosha.

Kijana alipozitoa sura nne, daftari lilibaki na mapengo mawili: moja la mistari 9 mahali pa sura ya 2, ya 3 na ya 4, na jingine la mistari 3 mahali pa sura ya 7. Kaswida ziliingia zikatoka, mapengo yakabaki kama yalivyokuwa. Al-Aaraf ikarudi ya kwanza, ikakuta pengo la juu, ikakaa kwenye kiti cha Baqara. Aali-Imran ikafuata, ikaangukia kitini mwake yenyewe kwa bahati. An-Nisaa vivyo hivyo. Baqara ikaja mwisho na pengo lililosalia lilikuwa moja tu, la Al-Aaraf.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe simu inanipangia tu machoni." Sijawahi kulisikia jambo hili likielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Kwa nini redio haipangi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtengenezaji asingeipa redio akili ya kusoma namba zilizo mwanzoni mwa majina. Sababu ni kumbukumbu. Ili upange majina 114 kwa haraka, inabidi uyashike yote kwa pamoja na kuyalinganisha. Simu ina nafasi tele ya kufanya hivyo. Chipu ya redio ya bei nafuu ina kumbukumbu ndogo mno ya kufanyia kazi, na sehemu yake kubwa inatumika kufungua MP3 na kuigeuza sauti. Haina skrini ya kuonyesha majina, basi majina yenyewe haiyahitaji. Inachohitaji ni kushuka daftarini ikihesabu mafaili ya aina inayoijua: la kwanza, la pili, la tatu. Bibi akibonyeza cha kulia, inaongeza moja.

Kwa redio hii, namba ndiyo faharasa nzima. Hata pale inapokumbuka ilipozimwa jana, inakumbuka namba ya faili, si jina lake.

Iliyo mbali kabisa na hii ni iPod, kile kifaa cha mfukoni cha kupigia muziki. Apple walipoitangaza tarehe 23 Oktoba 2001 ikiwa na diski ya gigabaiti 5, sifa yake haikuwa kubeba nyimbo 1,000 tu, bali kuzipata: kwa mwimbaji, kwa albamu, kwa jina. Ilifanya hivyo kwa kutotegemea daftari la mafaili hata kidogo. Nyimbo hutawanywa kwenye folda zilizofichwa, F00, F01, F02 na kuendelea, na kwa matoleo mengi kila wimbo hupewa jina la herufi nne zisizo na maana. Ukifungua ndani utadhani kuna mtu amevuruga. Mpangilio wote umo kwenye faili moja liitwalo iTunesDB, ambalo ndilo linalojua kwamba lile faili la herufi nne ni wimbo gani, wa nani, namba ngapi. Faida yake ni kwamba zamu ya kuingia haina athari yoyote. Hasara yake ni kwamba ukiutia wimbo kwa mkono bila kupitia programu ya iTunes au nyingine inayoliandika faili hilo, iPod haiujui. Upo ndani na haupigiki.

Simu za Android zimekaa katikati. Mafaili hubaki na majina yao kwenye folda zao, halafu mfumo huyapitia, husoma tagi na kujaza kanzidata yake ya muziki. Hapo tagi ndizo zinazotawala. Ndiyo maana mtu mwenye kisomo kisicho na namba ndani ya tagi atakuta programu ya muziki imepanga sura kwa herufi, na sura zaidi ya nusu zimerundikana kwenye A kwa sababu ya Al-, An-, Ar- na Ash-. Mwenye macho ataitafuta sura kwa kidole. Bibi hawezi, na hiyo ndiyo sababu redio yake isiyo na akili inamfaa kuliko simu ya mjukuu. Redio humpa kitu kimoja tu cha kushika, yaani zamu, na ameikariri.

Tulivyoitengeneza

Kulikuwa na njia ya mkato: kuzifuta Baqara na Al-Aaraf, kisha kuirudisha Baqara kwanza, ikakae kwenye pengo la juu. Ingefanya kazi. Sikuipenda kwa sababu inategemea mapengo yabaki kama ninavyoyadhania. Kwa mwenye kompyuta ya mfumo wa Linux kuna programu ya bure iitwayo FATSort, ambayo huingia daftarini na kuipanga upya mistari yenyewe bila kugusa sauti. Ni kazi ya sekunde chache na ni nzuri, ila kwanza nakili kila kitu pembeni.

Mimi nilinakili sura zote 114 kwenye laptopu, nikafomati kadi ili daftari liwe jeupe, kisha nikazirudisha kwa zamu. Hapa pana mtego ambao umewahi kuniangusha: ukichagua mafaili yote kwenye Windows na kuyaburuta, huanza kunakiliwa lile ulilolishika kwa kipanya. Ukishika la katikati, katikati ndiyo inakuwa mwanzo. Nikashika 001 Al-Fatiha, nikaburuta, nikasubiri. Halafu dir tena, nikaisoma orodha yote kwa sauti hadi 114, kijana akifuata kwenye msahafu wa karatasi.

Kuna jambo jingine nililoliangalia wakati huo, na wenzangu wa kazi hii walijue. Kadi za gigabaiti 2 kwa kawaida hufomatiwa kwa FAT16, aina mojawapo ya FAT, na daftari la nje kabisa la FAT16 lina mistari 512 tu, hata kadi iwe na nafasi kiasi gani. Sura 114 kwa mistari mitatu ni 342, zinaingia bila shida. Lakini wiki chache nyuma nilikuwa nimepokea kisomo chenye majina marefu ya herufi 45, jina la sura, la msomaji na anwani ya tovuti. Jina la namna hiyo linakula mistari 5. Mstari mmoja ukichukuliwa na jina la kadi, zinaingia sura 102 na daftari limejaa. Kunakili kulikatikia At-Takathur. Al-Asr na zote zinazofuata zikagoma, na kompyuta ikisema hakuna nafasi huku megabaiti zimebaki kibao. Dawa ni kufupisha majina, au kuziweka sura ndani ya folda, maana daftari la folda ya ndani halina kikomo hicho.

Na anayenakili kwa kompyuta ya Mac achunguze mafaili madogo yaliyofichwa yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Mac mara nyingi huyaandika kando ya mafaili kwenye kadi za FAT. Redio nyingine huyahesabu kama nyimbo, na hapo mara 17 za bibi zingemwacha mbali sana na Al-Kahf.

Kijana alitoa kadi yake mwenyewe kwa ajili ya kaswida. Hakuna aliyemwambia. Nikabandika kipande cha plasta kwenye kifuniko cha redio ya bibi, kigumu kidogo, ili mkono wake ukikigusa ajue kadi iliyomo ni ile ya Qur'ani na haijatolewa.

Hakutaka kuondoka kabla ya kusikia. Akaketi kwenye benchi, akaiweka redio mapajani, akabonyeza. Alhamdu ikasomwa hadi mwisho. Kimya kifupi cha redio kuhamia faili jingine. Alif. Lam. Mim. Bibi aliinua kidole cha shahada akakiacha hewani, akiisubiri herufi ya nne. Haikuja, na msomaji akaendelea na Baqara.

"Marahaba mwanangu," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia tena.